Hilux 3L inakunywa maji, koplagi ya bloku imeoza. Lazima injini itoke?

PikapuYaNjoro (Nakuru)

Wadau habari zenu. Niko na Hilux ya 1996, injini ni 3L dizeli, ilikuwa ya baba na sai ndio inanilisha, nabeba mboga na mbolea kati ya Njoro na town. Kwa muda sasa imekuwa ikikunywa maji na ukiangalia chini hakuna hata tone. Asubuhi rejeta iko chini unaongeza, jioni iko chini tena. Roho ilikuwa imenishuka nikidhani ni hedi gasketi, ile inaziba kati ya hedi na bloku, juu hizi injini za L kila mtu anajua zikichemka vibaya hedi inapasuka hapo kati ya valvu na hiyo ni gharama ya kuuza ng'ombe. Lakini oili iko safi haijageuka maziwa, moshi sio mweupe, na ukiwasha ikiwa baridi kifuniko cha rejeta kikiwa wazi hakuna mapovu yanatoka.

Fundi akaingia chini na tochi akapata michirizi ya kutu kwa bloku, inaanzia huko nyuma ya manifoldi ya ekzosi. Kumbe kuna ile sahani ya duara ya bati iliyogongewa kwa shimo la bloku, wenyewe wanaita koplagi, imeoza mpaka ukiisukuma na bisibisi inabonyea na maji yanaanza kutoka. Gari ikiwa moto unasikia tsss, maji yanaangukia ekzosi na kukaukia hapo hapo, ndio maana chini hakulowi.

Sasa shida ni mafundi. Mmoja anasema injini itoke nje koplagi zote zibadilishwe. Wa pili anasema atapaka gundi ya chuma juu yake, kazi ya nusu saa. Wa tatu anataka kupiga welding. Alafu niko na mzigo wa kupeleka Kisumu wiki ijayo, napitia Mau Summit na Kericho. Mwenye amefanya hii kazi anishauri tafadhali.

JuakaliKibuye (Kisumu)

Omera pole sana, lakini umepata bahati imeonekana kabla hedi haijaenda.

Welding usikubali kabisa, hata akikufanyia bure. Bloku ni chuma cha kusubu, ukikipasha moto sehemu moja na kwingine ni baridi kinapata ufa, na ufa wa bloku hauna dawa rahisi. Alafu hiyo sahani ni nyembamba na imeliwa na kutu kutoka ndani, hapo welding itashika nini? Gundi nayo haiwezi kukaa. Kifuniko cha rejeta kimeandikwa 0.9 ama 1.1, yaani bar, hiyo ndio presha inayosukuma hapo ukiwa unapanda mlima, na gundi imepakwa juu ya kutu. Itabanduka siku umebeba mzigo mzito, sio siku umepaki nyumbani.

Ujue hizo shimo zimetoka wapi. Bloku ikitengenezwa, nafasi ya maji ndani yake inashikiliwa na mchanga uliofinyangwa, na hizo shimo ndizo zinashikilia huo mchanga na baadaye mchanga unatolewa kupitia hapo. Wakimaliza wanaziba na sahani. Kwa nchi za barafu maji yakiganda zinaweza kusukumwa nje kabla bloku kupasuka, lakini hiyo ni bahati tu, kazi yake ni kuziba. Na kwa sababu ni bati nyembamba kuliko kitu kingine chochote hapo, kutu ikiingia ndani inatobolea hapo kwanza.

Injini kutoka sio lazima kama iliyotoboka iko kando. Manifoldi ya ekzosi itoke, labda na stata ama maunting ya injini kulingana na ile unafikia. Mwambie fundi wako afanye hivi:

Injini iwe baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, mwaga maji ya rejeta na pia ya bloku. Bloku iko na koki yake ya kumwagia chini kando, mara nyingi utafungua na hakuna kitu kitatoka juu imejaa tope la kutu, ingiza waya uchokoe mpaka maji yatoke. Usiruke hii, ukitoa koplagi na bloku imejaa maji utaoga.

Kutoa, chukua tindo butu ama panchi na ugonge UKINGO MMOJA wa sahani, upande wa chini ama kando, pole pole. Upande mmoja unaingia ndani na mwingine unatoka nje, inageuka wima kwa shimo, halafu unaishika na koleo ya kubana unaivuta. Usigonge katikati kwa nguvu. Silinda iko karibu sana hapo nyuma, na ukiipeleka sahani yote ndani itaanguka kwa nafasi ya maji. Ikianguka usiambiwe eti haina shida iache. Itafutwe na sumaku na waya mpaka itoke, juu ikizunguka huko itaziba njia ya maji na silinda moja itakuwa ikipata joto kuliko zingine.

Shimo lisafishwe na msasa laini mpaka chuma kingae, kwa mzunguko, usikwaruze kuvuka juu mkwaruzo mmoja wa kutoka ndani kwenda nje ni njia ya maji. Pima shimo na vernia, kile kipimo cha kupima upana hadi sehemu ndogo za milimita. Usinunue kwa kukadiria na macho, koplagi ikipungua nusu milimita tu itang'oka na ikizidi nusu milimita haiingii ama inajikunja. Ukienda kwa spea beba namba ya injini na hiyo ya zamani pia, hata kama imeoza ukingo wake bado unaonyesha saizi.

Kurudisha, paka silanti, ile dawa ya kuziba, isiyokauka ngumu, safu nyembamba tu kwa ukingo wa shimo na wa sahani. Wale wanajaza silikoni nusu tiubu inavimbia ndani, inakatika na kwenda kukwama kwa rejeta. Tafuta soketi inayoingia ndani ya kikombe karibu kujaa, ama ufanye kipande cha chuma kwa mtu wa lethi, ugonge ikienda sawa bila kuinama. Ukiona imeinama toa uanze na nyingine, hii ya kugonga upande mmoja ili inyooke inaharibu ukingo. Inaingia mpaka ukingo wake upite tu ule mkato wa mdomo wa shimo, kama milimita moja, hapo unaacha. Usiipeleke mpaka ndani.

Hiyo ni ya umbo la kikombe. Kuna zingine ni sahani imepinda kidogo bila kuta, hiyo unaiweka tumbo likiangalia nje unagonga katikati mara moja na nyundo, inatandazika na kubana. Usichanganye hizo mbili.

Na usibadilishe moja. Zote zimekunywa maji yale yale miaka ile ile, manifoldi ikiwa nje toa zote za upande huo. Unatoa manifoldi mara mbili ya nini?

MamaViaziMolo

Kijana wangu, huyo wa Kibuye amekuambia ukweli. Mimi nataka tu kukuambia kuhusu huo mzigo wa Kisumu. Kuna koplagi za mpira, ziko na sahani mbili na bolti katikati, unaingiza kwa shimo unakaza nati na mpira unavimba unabana. Haihitaji kugongwa, hata mahali mkono unaingia kwa shida unaweza kuiweka. Niliwahi kuwekewa nikiwa na gunia za viazi kutoka Mau Narok, ikanifikisha na nikaendelea nayo mpaka nikapata nafasi ya gari kulala gereji. Lakini ni ya kukufikisha, mpira karibu na ekzosi unakauka na kupasuka, na kila siku nilikuwa naangalia nati kabla sijawasha.

Na kitu kingine nakuomba sana ushike. Maji yakiisha usingoje mshale wa joto upande. Ile sensa inapima maji, maji yakishuka chini yake inabaki kwa hewa na mshale unaweza kushuka ama kukaa katikati na injini inaungua. Kwa hivyo ukiwa unapanda na mshale umeshuka ghafla bila sababu, simama hapo hapo. Hita ya ndani ikianza kutoa hewa baridi pia ujue maji hakuna. Na ukisimama usifungue kifuniko. Nimeona tanboi akichomeka uso na kifua kwa ajili ya haraka ya dakika tano, na mpaka leo alama ziko.

Dizeli_Bungoma

Mambo ya kuweka yai ama manjano kwa rejeta pia akija mtu kukuambia mkatae. Inaziba kweli, inaziba mirija ya rejeta na hita pamoja.

PikapuYaNjoro

Asanteni sana, na mama shukrani kwa hiyo ya mshale sikuwa naijua. Maswali mawili. Koplagi ninunue za chuma ama za brasi? Hapa town nimeambiwa ziko aina zote. Na ya pili, hii gari tangu zamani imekuwa ikiwekwa maji ya kisima cha nyumbani, ndio imeleta hii kutu ama ni umri tu?

Dizeli_Bungoma

Ni maji, ndugu yangu. Chuma, maji na hewa vikikaa pamoja kutu itakuja tu, haijalishi maji ni safi aje. Tofauti ya kulanti, ile ya rangi inayouzwa ya kuweka kwa rejeta, ni kwamba iko na dawa ya kuzuia kutu inayopaka chuma ndani, na hiyo dawa inaisha na wakati, ndio maana inamwagwa na kubadilishwa hata kama rangi bado inapendeza. Ile ya kijani ya kawaida miaka miwili ni mingi.

Sasa maji ya visima vya huko kwenu Nakuru yana madini mengi, floridi ndiyo hiyo inabadilisha meno ya watoto rangi. Chumvi kwa maji inaharakisha kutu na inaacha ukoko kwa kuta za silinda, na ukoko unazuia joto kutoka. Maji ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima lakini bila kulanti bado yanakula chuma. Changanya kulanti na maji yaliyotolewa madini, yale ya kuongeza kwa betri, nusu kwa nusu. Hakikisha ni MAJI ya betri na sio asidi, chupa hukaa zinafanana kwa duka.

Watu wengi huku wanasema kulanti ni ya nchi za baridi, sisi maji yetu hayagandi. Naomba tuache hii maneno kabisa. Angalia mahali unaishi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji kwa sufuria yanachemka kama digrii 94 hivi, sio 100. Ukipanda Timboroa ni karibu 91. Themostati ya dizeli nyingi, ile valvu inayoruhusu maji kwenda rejeta, inafunguka digrii 82. Kwa hivyo kama mfumo hauna presha, nafasi uliyonayo kati ya joto la kawaida la kazi na kuchemka ni kama digrii kumi tu! Kifuniko kizuri cha 0.9 kinaongeza kama digrii 20 juu ya hapo, na kulanti inaongeza zingine. Koplagi ikivuja, presha haijengeki, hiyo nafasi yote imeenda. Ndio maana gari inaweza kuzunguka town vizuri na ichemke ikikutana na mlima.

Na safari yako ya Kisumu kwenda utateremka sana ukishapita Kericho, lakini kurudi unatoka kwa ziwa mita kama 1,130 unapanda zaidi ya mita 1,000 kabla ufike Mau Summit. Kama haijatengenezwa, mzigo upeleke na gari ya mtu mwingine.

Kuhusu brasi, mimi naweka za chuma zile za orijino. Zilidumu miaka yote hiyo na maji ya kisima, na kulanti zitadumu zaidi. Brasi ni laini, fundi akigonga vibaya ukingo unajikunja.

JuakaliKibuye (Kisumu)

Kwa maji nakubali yote, kwa brasi tutofautiane. Brasi haishiki kutu na huo ulaini ndio unaifanya ikae vizuri kwa shimo la zamani ambalo lina vishimo vishimo vya kutu, inajibana na kujaza. Chuma kigumu kwa shimo lililoliwa kinaacha nafasi. Shida ya kujikunja ni ya fundi na soketi ndogo, sio ya brasi. Kwa injini ya umri huo mimi naweka brasi nikiipata ya saizi sawa. Zile za stenlesi ndizo sipendi, ni ngumu sana kukaa.

Lakini usikose usingizi kwa hiyo, yoyote ikiwekwa sawa itashika. Weka nguvu kwa kuosha bloku. Koplagi zikiwa nje hiyo ni nafasi hutapata tena, ingiza waya na hosipaipu kwa kila shimo, chokoa chini kabisa na upande wa silinda ya nyuma, tope la kutu linakaa huko. Endelea mpaka maji yatoke meupe. Na rejeta iwe imetolewa wakati unaosha, usipeleke hilo tope huko.

PikapuYaNjoro

Nimerudi na ripoti. Mzigo wa Kisumu nilimpa jirani.

Tumetoa manifoldi. Nati zilikuwa zimeshikana na kutu tukazilowesha na oili ya kupenya usiku kucha, moja ikakatika na stadi, ile bolti inayoshika nati, ikabidi itolewe na drili. Upande huo kulikuwa na koplagi kadhaa na nimetoa zote. Ile iliyotoboka ilitoka vipande vipande, lakini yenye imenishtua ni ya pili yake, kwa nje ilikuwa na rangi bado inaonekana nzima kabisa, fundi akaigusa na panchi na ikapita ndani bila nguvu. Ingengoja mwezi ama miwili tu.

Tope lililotoka ndani wadau, nzito, rangi ya matofali, ndoo nzima ilibadilika. Tumeosha mpaka maji yakatoka safi. Nimeweka brasi, saizi tulipima na vernia na moja yenye nilikuwa nimeuziwa kwa kukadiria ilikuwa kubwa nikairudisha. Themostati mpya, kifuniko kipya cha rejeta, kulanti nusu kwa nusu. Tukawasha na kifuniko wazi na hita ikiwa imefunguliwa mwisho, tukaongeza mpaka hewa ikaisha na paipu ya juu ikapata moto. Nimezunguka nayo mpaka Mau Narok na mzigo, maji hayajashuka.

Imebaki moja. Fundi anasema kuna ingine nyuma ya bloku upande wa flaiwili na kuifikia ni giaboksi ishuke. Haivuji sai. Nishushe giaboksi ama ningoje?

MamaViaziMolo

Mungu akubariki kwa kumpa jirani mzigo. Hapo ndio vijana wengi hushindwa.

JuakaliKibuye (Kisumu)

Kazi safi kabisa. Hiyo ya nyuma, kama klachi bado ni nzuri, ngoja. Siku klachi inabadilishwa giaboksi itashuka yenyewe, siku hiyo koplagi iwe tayari mkononi na isirudishwe bila kubadilishwa hata kama inaonekana nzima, umeona mwenyewe ile ya pili. Wakati huo huo chungulia chini ya nyumba ya klachi, hapo katikati ya injini na giaboksi kuna nafasi ndogo chini. Ukiona unyevu pima na kidole. Ikiwa ya kuteleza na nyeusi ni oili ya sili ya nyuma, ikiwa na rangi ya kulanti ama alama ya kutu ni koplagi, na hapo hakuna kungoja tena juu maji yakiingia kwa klachi unaweza kupoteza gari kwa mteremko wa mlima.

Na ile kulanti ya zamani, kama ulikuwa na yoyote ilimwagika, isikae kwa beseni nje. Ni tamu na ni sumu, mbwa na mbuzi wanainywa.

PikapuYaNjoro

Ilikuwa maji matupu lakini hiyo nimeshika. Klachi ilibadilishwa sio kitambo kwa hivyo nitangoja nikichungulia. Swali la mwisho, naskia kasauti ka tik tik tik ikiwa baridi, ikipata moto kanaisha. Haikuwa hapo mbeleni.

Dizeli_Bungoma

Ni manifoldi inavujisha moshi. Uliweka gasketi mpya ama ile ya zamani?

PikapuYaNjoro

Mpya.

JuakaliKibuye (Kisumu)

Basi kaza tena. Gasketi mpya ikipata moto na kupoa mara kadhaa inalala na nati zinalegea kidogo. Ingoje ipoe kabisa, anzia nati za katikati ukienda nje pande zote mbili, usikaze moja mpaka mwisho kabla ya zingine. Ile stadi mpya iangalie kwanza, na kama sauti bado iko baada ya hapo tuambie.